Kutoka Magomeni hadi Kichaka cha Itigi: safari ya kufuata maua ya nchi kavu

Siku ya kwanza: Magomeni na Kariakoo

Safari hii ilianzia kwenye ndoo iliyochacha. Nina duka dogo la asali Magomeni, na kwa miaka sita nimekuwa nikinunua ndoo za lita 20 kwa madalali bila kuuliza zaidi ya bei na jina la mkoa. Mwishoni mwa Septemba nilifungua mojawapo nikakuta povu limetanda juu, na harufu iliyonijia ilikuwa ya togwa iliyolala siku tatu. Wiki hiyohiyo mteja wangu wa muda mrefu, mzee wa Kariakoo ambaye babu yake alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut, alionja kijiko kimoja cha asali kutoka ndoo nyingine, akakiweka juu ya sahani na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hii imekunywa maji. Asali ifuate nchi kavu."

Mzee huyo hupima asali zote za dunia kwa asali ya sidri ya Yemen. Sidri ni jamaa ya mkunazi wetu, mti ambao watu wa Pwani tunaujua zaidi kwa majani yake ya kuoshea maiti kuliko kwa maua yake. Maua yenyewe ni madogo, ya rangi kati ya kijani na njano, na mbochi yake, yaani maji matamu ya ua, imekaa wazi juu ya kisahani katikati ya ua, hivyo nyuki haihangaikii. Lililonikera ni kwamba bonde la Doan huko Hadhramaut, linalosifika kwa asali hiyo, limezungukwa na jangwa la mawe, ilhali mimi nilikuwa nimeamini siku zote kwamba asali nzuri hutoka mahali penye majani mabichi mwaka mzima. Nikaamua kufunga duka kwa siku kumi na kwenda kutazama nchi kavu yetu wenyewe, Dodoma na Manyoni, mwishoni mwa Oktoba, wakati ambapo joto limekolea na mvua bado haijanyesha.

Kabla ya kuondoka nilinunua rifraktomita, kifaa kinachofanana na tochi ndogo: unadondosha tone la asali juu ya kioo chake, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mstari unaotenganisha buluu na nyeupe, nao unakuambia kiasi cha maji kilichomo ndani ya asali. Leo asubuhi nilikwenda nacho Kariakoo nikanunua chupa saba, zote zikiwa chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika. Mara tano mstari ulipita asilimia 20. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka maji yasizidi asilimia 20, na sababu yake ni hamira: chembe zake zimo katika kila asali, lakini hulala zikikosa maji ya kutosha, na huamka yanapozidi.

Wauzaji walinionyesha vipimo vyao. Mmoja alichovya kijiti cha kiberiti kwenye asali akakiwasha, kikawaka, akatabasamu kama wakili aliyeshinda kesi. Mwingine alimwaga tone juu ya mchanga, na wa tatu akaniapia kwamba sisimizi hawagusi asali ya kweli. Sukari guru iliyochemshwa hadi ikawa nzito nayo huruhusu kiberiti kuwaka, na kuhusu sisimizi sina la kusema zaidi ya kwamba dukani kwangu hawajawahi kuisikia kanuni hiyo.

Siku ya pili: Kunduchi

Binamu yangu ana mizinga minane karibu na mikoko ya Kunduchi, na nilitaka kuwa na kipimo cha asali ya kwetu kabla ya kuisifia ya wengine. Nyuki wa Pwani wataalamu huwatenga na wale wa nyanda za bara kwa jina la litorea, na chakula chao hakina msimu mkali wa njaa. Mnazi hufungua karara jipya karibu kila mwezi, mkorosho huchanua katika kipupwe, mwembe hufuata, na mchu, ule mkoko ambao majani yake hutokwa na chumvi hadi ukiyalamba unaisikia, una maua madogo ya rangi ya machungwa ambayo nyuki huyapenda sana. Nilipofika, michu ilikuwa na vitumba tu.

Binamu alifungua mzinga, akanikatia kipande cha sega kilichofungwa kwa nta pande zote mbili, yaani asali ambayo nyuki wenyewe wameihesabu kuwa imeiva. Rifraktomita ilisoma 21. Alisikitika, nami nikasikitika naye, maana hakuwa amekosea popote. Mbochi ikitoka kwenye ua mara nyingi huwa na maji zaidi ya nusu, na nyuki huikausha kwa kuitandaza katika matundu ya sega na kupepea mabawa usiku kucha ili hewa iliyobeba mvuke itoke na nyingine iingie. Sasa hewa inayoingia ikiwa ya Kunduchi, yenye unyevu wa bahari usiku na mchana, nyuki wanapepea kama mtu anayeanika kanga wakati wa masika. Tena asali hunyonya unyevu: ukiiacha wazi mahali penye hewa nzito huvuta maji kutoka hewani bila mtu yeyote kuichakachua. Nilianza kushuku kwamba ndoo yangu iliyochacha haikuchanganywa na kitu, na kwamba kosa lilikuwa mahali ilipokaa, huenda hata dukani kwangu.

Siku ya tatu: katika treni

Treni ya SGR ya kwenda Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hutumia chini ya saa nne kwa umbali ambao basi lilikuwa likitumalizia siku. Ubaya wake kwa mtafuta maua ni kwamba mti unauona na kuupoteza papo hapo. Hata hivyo mabadiliko yanaonekana: minazi inakoma, miembe inapungua, mkonge wa Morogoro unapita kwa safu zake, na baada ya milima ya Kilosa ardhi inakuwa nyekundu na miti inaanza kuachana, kila mmoja ukiwa na eneo lake kama watu wasiosalimiana.

Mkonge una habari yake. Kila mmea huchanua mara moja tu katika maisha yake, hutoa mlingoti mrefu wenye maua yaliyojaa mbochi, kisha hufa. Abiria jirani yangu, aliyekulia katika kambi ya mkonge, aliniambia kwamba asali yake ni nyeusi na ina harufu ambayo mgeni huikunjia uso. Akaniuliza kwa nini nisiende Tabora moja kwa moja, kwa kuwa huko ndiko kwenye asali na ndiko kilipo Chuo cha Ufugaji Nyuki. Nilimjibu kwamba Tabora kila mtu anaijua. Nilitaka kuona pakavu zaidi.

Siku ya nne: kijijini, magharibi ya Dodoma

Dodoma hupata mvua ya milimita zisizofikia 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ambapo Dar es Salaam hupata milimita 1,000 na zaidi katika misimu miwili. Nilishukia kwa shangazi wa rafiki yangu, mama wa Kigogo mwenye mizinga 20 na mbuzi wengi kuliko hiyo. Nilimsalimu "Mbukwa" kwa lafudhi yangu ya Magomeni, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaitikia na kunipa maji ya kunawa kwa kikombe kimoja tu kilichopimwa. Kikombe hicho kilinifundisha mapema kwamba hapa maji hayamwagwi ovyo, wala kwa mgeni.

Saa kumi na mbili asubuhi alinipeleka kwenye mbuyu ulio nyuma ya zizi. Mti haukuwa na jani kubwa hata moja, vichipukizi tu, lakini ulikuwa unachanua. Ua la mbuyu hufunguka jioni jua likizama, jeupe, kubwa kama kiganja, likining'inia kichwa chini, na wageni wake wa kwanza ni popo. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya nyuki, waliojazana katika shada la nyuzi za chavua wakikusanya kilichosalia. Saa tano nilipopita tena maua yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kutu na kudondoka, na mbuzi walikuwa wakiyaokota.

Niliuliza mti huo unapata wapi maji ya kuchanulia, na mama alinijibu kwa kuupiga shina kofi. Mbuyu huhifadhi maji katika shina lake laini, na huyatumia kufungua majani na maua kabla mvua haijaja. Miti mingine haina ghala la namna hiyo, hutegemea mizizi mirefu. Ndiyo siri ya nchi hii ambayo sikuijua: mwezi ambao nyasi zote zimekufa na ng'ombe wanakonda, miti mingi ndipo inapochanua, na nyuki wana karamu juu ya vichwa vya wanyama wenye njaa.

Karamu yenyewe haiko sawa kwa kila mti, na hapa ilinibidi nifute jambo nililokuwa nikiwaambia wateja. Nilikuwa nikisema "asali ya mgunga" kana kwamba migunga yote ni mmoja. Mama alinitembeza. Mgunga mkubwa wenye mwavuli alisema ni wa kivuli na chavua zaidi kuliko asali. Kisha akanionyesha kikwata, kichaka chenye miiba miwiliwili iliyopinda kama kucha za paka, ambayo ilikwishanichana mkono kabla sijaambiwa jina lake, na maua yake meupe yanayonukia yalikuwa yanavuma kwa nyuki kama jenereta. Wanasayansi walikipa kichaka hicho jina la mellifera, neno la Kilatini lenye maana ya "chenye kuleta asali", jina lilelile walilompa nyuki. Nimesoma pia kwamba watafiti waliokaa Mkomazi miaka ya 1990 waliona kila aina ya mgunga ikitoa chavua kwa saa yake, moja asubuhi na nyingine mchana, kama majirani waliogawana zamu ya bomba la maji, hivyo nyuki huhama kutoka mti hadi mti kwa siku moja na miti haigombani.

Nikiwa kwenye habari za migunga, niseme na hili. Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam kuna chupa nzuri za asali kutoka Ulaya zilizoandikwa kuwa ni za akasia, nami nilizionea wivu kwa jinsi zisivyoganda. Mti huo wa Ulaya ni Robinia, wenye asili ya Marekani, na hauna undugu wa karibu na kikwata wala mgunga.

Mchana joto lilifika mahali ambapo kuku walilala na midomo wazi. Chini ya mkwaju, kwenye manzuki yake, yaani mahali anapoweka mizinga, mama ameweka karai la maji lenye kokoto na vijiti ndani, na kandokando yake nyuki walikuwa wamepangana wakinywa. Majana, yaani watoto wa nyuki, wanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, si zaidi, na nje kukiwa na joto kali nyuki hubeba maji, huyapaka ndani ya masega na kuyapepea ili nyumba ipoe. Kila nyuki anayebeba maji ni nyuki asiyebeba mbochi. Mama alinisimulia kwamba mwaka mmoja karai lilipopasuka naye akawa msibani kwa wiki mbili, alirudi akakuta mizinga tisa mitupu. Nyuki walikuwa wamehama na kuacha masega. "Hawakuniaga," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe.

Jioni nilipima asali aliyoihifadhi tangu Juni. Kumi na saba.

Siku ya tano: barabarani hadi Itigi

Basi kupitia Bahi, kisha kupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, kisha gari dogo hadi Itigi. Vumbi, jua, na kitu kimoja cha kuandika: mashamba yaliyovunwa ya alizeti pande zote. Singida na Dodoma ni mikoa ya alizeti, nayo hulisha nyuki vizuri sana mwishoni mwa mvua. Asali yake huganda upesi, wakati mwingine ndani ya wiki chache, kwa sababu ina glukosi nyingi ikilinganishwa na fruktosi, na glukosi ndiyo inayotengeneza punje. Nimerudishiwa chupa nyingi za asali ya namna hiyo na wateja waliodai nimewachanganyia sukari, na nimewahi hata kumrudishia mtu fedha. Kuganda hakuonyeshi uongo. Asali iliyoganda ukiiweka katika maji ya uvuguvugu hulainika.

Kando ya barabara, magunia ya mkaa yalikuwa yamepangwa kwa safu, yakisubiri malori. Kwa kuwa mimi mwenyewe nina jiko la mkaa Magomeni, nilitazama upande wa pili wa dirisha.

Siku ya sita: Kichaka cha Itigi

Mwenyeji wangu ni mzee wa miaka 70 na kitu, mrina asali tangu utoto. Alinipokea na baiskeli mbili, na tulipofika ukingoni mwa kichaka nilidhani amenileta mahali palipoungua. Kichaka cha Itigi ni msitu wa namna ya peke yake, wa miti mifupi ya mita tatu hadi tano iliyosongamana hadi mtu hapenyi, katika udongo wa kichanga. Mwingine unaofanana nao uko kusini, karibu na Ziwa Tanganyika, upande wa Zambia. Wakati huu ulikuwa kijivu kitupu, vijiti vilivyosukana, hakuna jani, hakuna ua. Nilishindwa kuficha sura yangu.

"Umekuja wakati wa usingizi," alisema mzee. "Njoo Januari, utasikia kichaka kinaimba."

Mvua zikianza, alinieleza, vijiti hivyo vyote hujivika majani na maua kwa pamoja, na nyuki hufanya kazi humo hadi Aprili. Kwa kuwa chini yake hakuna nyasi nyingi, moto wa porini hauingii kirahisi, na hilo humpa mfugaji usalama ambao wenzake wa miombo, pori la miti kama mtundu na mninga, hawana. Baada ya mvua hewa hukauka kwa ghafla. Nyuki huwa na asali mbichi ndani ya masega, na nje kuna upepo mkavu wa Mei. Wanaikausha kwa siku chache, wanaifunga kwa nta, na mrinaji anaikuta imeiva. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya mzee wa Kariakoo kwa namna ambayo naamini hata yeye hakuwa amenieleza. Nchi kavu inasifiwa kwa zamu zake mbili: mvua fupi ya kuzalisha mbochi, kisha ukavu mrefu wa kuikausha. Ukavu mtupu hauna kitu. Nilipomwambia hivyo mwenyeji wangu, alikubali kwa sentensi moja: "Nyuki hali jua." Miaka ambayo mvua ilikatika Januari, alisema, walivuna nta na majuto.

Tulipita upande wa miombo, inayopakana na kichaka, na hapo Oktoba ilikuwa tofauti kabisa. Mitundu ilikuwa imetoa majani mapya mekundu kama shaba, kabla ya tone lolote la mvua, na maua yake madogo yalikuwa yamejaa nyuki. Mninga ulikuwa umevaa njano tupu bila majani. Kwa hiyo nyuki wa hapa wana meza mbili kwa mwaka, miombo mwishoni mwa kiangazi na kichaka wakati wa mvua, na mzee ameipanga mizinga yake mpakani ili wasihame mbali. Nilimwonea fahari kama mtu anayetazama ramani ya vita.

Mizinga yake 60 ni ya namna mbili. Ya magogo, iliyochongwa na yeye mwenyewe na kuning'inizwa juu ya miti, na ya masanduku yenye viunzi vya juu, kila kiunzi kikiwa na upana wa milimita 32, kwa sababu nyuki wetu hujenga masega yaliyokaribiana kuliko wa Ulaya na kiunzi kipana humfanya aunganishe masega mawili kuwa moja. Waya za kuning'inizia hupakwa grisi dhidi ya sisimizi, na mizinga huinuliwa ili nyegere asiifikie, ingawa nyegere mmoja, kwa maelezo ya mzee, amejifunza kuruka. Mizinga ya magome aliiacha zamani. Ukiuvua mtundu gome lake kuzunguka shina, mti hufa, "na kesho utaning'iniza wapi, na nyuki atakula nini?"

Jioni, jua likiwa limezama, tulifungua sanduku moja kuukagua mzinga. Alitumia bomba la moshi lililojaa samadi kavu, moshi kidogo, mikono ya polepole. Alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akirina kwa mwenge wa nyasi, akiunguza nyuki nusu na wakati mwingine pori zima. Masega ya Oktoba yalikuwa mepesi, asali yake ikiwa bado wazi bila vifuniko vya nta. Nilitaka kuipima. Aliniruhusu tone moja, na rifraktomita ikasoma 23, hata hapa katikati ya ukavu, kwa kuwa ilikuwa mbochi ya jana na juzi. Dalali mwenye haraka, alisema mzee, huja Novemba na kuwashawishi vijana kurina asali ya namna hii kwa sababu maji yaliyomo huongeza uzito mizanini. Nilifikiria ndoo yangu iliyochacha na nikajikuta na mshukiwa wa tatu.

Siku ya saba: ghalani

Ghala la mzee ni chumba cha matofali chenye dirisha dogo upande wa kusini na ndoo zilizofungwa juu ya mbao. Asali ya Juni, ya kichaka, ina rangi ya chai nyepesi, na nilipoipima ndoo tatu tofauti zilisoma kati ya 16 na 17. Ladha yake haikuruka puani. Ilikaa ulimini muda mrefu na mwishoni ikawa na ukakasi kidogo kama wa ganda la tunda bichi. Asali ya miombo ya msimu wa Desemba uliopita ilikuwa nyekundu zaidi na yenye harufu nzito, na binafsi niliipenda kuliko ile ya kichaka, ingawa najua wateja wangu watachagua nyeupe kwa kudhani ni safi zaidi.

Alinionyesha pia chupa ndogo ya asali ya nyuki wadogo wasiouma, wale wanaoishi katika matundu ya miti na kuhifadhi asali ndani ya vijungu vya nta badala ya masega. Ni chachu na nyepesi kama maji ya ndimu. Rifraktomita ilipita 25 ikaendelea. Hapo nilijifunza kutokibeba kifaa hiki kama rungu, maana asali ya nyuki wale ndivyo ilivyo kwa asili, na ingekuwa dhuluma kuipima kwa kanuni ya nyuki wakubwa.

Tulizungumza kuhusu joto. Mzee hapashi asali moto. Huchuja kwa kitambaa wakati wa jua la mchana, na inatosha. Joto likizidi, au likidumu muda mrefu, sukari ya asali huzalisha kitu kinachoitwa HMF, na Codex inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Nilimweleza kwamba chupa zangu za maonyesho hukaa dirishani kwenye jua la Magomeni ili zing'ae. Alinyamaza kwa adabu.

Nilinunua ndoo tatu. Wakati wa kulipa aliniuliza tunapikia nini huko mjini, nami nikamwambia ukweli. "Mkaa wenu ni mitundu yangu," alisema, bila hasira, akihesabu noti.

Siku ya nane na ya tisa: kurudi

Ndoo zilisafiri katika buti la basi hadi Dodoma na baadaye kwa gari la mizigo hadi Dar es Salaam, nami nikarudi kwa treni. Nililala njia nzima. Stesheni nilipokelewa na hewa ya jioni ya mji wetu, ile inayoshika shati mgongoni, na kwa mara ya kwanza niliifikiria kama mwenye duka.

Siku ya kumi na nne: Magomeni

Nimefanya jaribio dogo. Siku ndoo zilipofika nilimimina asali ya kichaka katika visahani viwili, kimoja nikakifunika kwa mfuniko wa kukaza na kingine nikakiacha wazi juu ya rafu, ambako huwa naacha asali ya kuonja. Baada ya siku nne kilichofunikwa kimesoma 16.5 kama kilivyokuwa. Cha wazi, nilipochota juu, kimesoma 20. Nimeviita visahani hivyo ushahidi, na dalali nimemwondoa katika orodha ya washukiwa, angalau kwa ndoo ile moja, kwa kuwa nakumbuka niliiacha na kifuniko nusu wakati wa masika nikichotachota.

Chupa zimetoka dirishani. Mzee wa Kariakoo alikuja leo baada ya Alasiri, nikampa kijiko cha asali ya kichaka bila kumwambia inakotoka. Alifumba macho muda mrefu, akaniuliza kama ni mkunazi. Nikamwambia ni kichaka cha Itigi, sijui maua mangapi kwa pamoja. Aliomba kijiko cha pili, kisha akasema kwamba si sidri, lakini haijanywa maji, na kwamba atachukua chupa mbili iwapo nitampunguzia. Nilimpunguzia kidogo sana.